Sura ya Nne: Kishindo Kimoja au Viwili?

Tuchukue ajali ambayo mkazi yeyote wa Magogoni, eneo la Kisauni mjini Mombasa, anaweza kuishuhudia wiki hii. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha, na Barabara ya Malindi imejaa magari yanayowahi daraja la Nyali. Tuktuk inachomoka kwenye njia ya mtaani na kuingia barabara kuu bila kusimama. Probox iliyopakia mikate inafunga breki. Matatu iliyo nyuma yake inaigonga, na lori la mchanga linaigonga matatu. Probox inasukumwa mbele na kuipindua tuktuk. Yote hayo ni ya sekunde chache tu, lakini abiria watatu wa matatu wamevunjika viungo, dereva wa tuktuk amelala chini, na mikate imetapakaa topeni.

Dakika tano hazipiti, umati umeshatoa hukumu: mwenye lori ndiye mkosa, kwa kuwa lori ndilo kubwa na ndilo lililokuwa nyuma kabisa. Utingo wake anaapa kwamba matatu ilisimama ghafla. Makanga naye anadai matatu ilikuwa imeshasimama salama, ila lori ndilo lililoisukuma. Dereva wa Probox anawatazama wote wawili asijue amdai nani. Pembeni kuna mzee anayesihi watu wamalizane hapohapo, kila mtu ashike njia yake.

Sheria ya Kenya haiangalii ukubwa wa gari wala wingi wa sauti. Humwuliza kila dereva peke yake: ulipaswa kufanya nini, ulifanya nini, na je, ulilolifanya ndilo lililoleta madhara haya? Madereva wanne wanaweza kutoa majibu manne tofauti, na lawama ikagawanywa mafungu. Mgao huo hutegemea ushahidi, na ushahidi wa ajali hupatikana barabarani katika saa chache za kwanza. Ukipotea hapo, hakuna wakili awezaye kuuumba upya.

Kila dereva na jukumu lake

Anayetoka njia ndogo hana budi kuwapisha walio kwenye barabara kuu. Kwa hiyo mwenye tuktuk anaanza na doa. Hata kama tuktuk isingeguswa na gari lolote, na dereva wake akaendelea na safari bila kujua aliyoyaacha nyuma, bado angekuwa na la kujibu, maana lawama haitokani na kugusana. Hutokana na tendo la kizembe lililozaa madhara.

Dereva wa Probox alifunga breki kwa sababu kulikuwa na hatari mbele yake. Kusimama ghafla kwa sababu ya msingi si uzembe. Swali litabadilika tukijua kwamba taa zake za breki hazikuwa zikiwaka, au kwamba alisimama ili kumwita mteja wa mikate.

Matatu na lori wana mzigo mzito zaidi. Madereva wengi wanaamini kwamba anayegonga kwa nyuma ndiye mkosa, yakaisha. Ni imani yenye mzizi wa kweli. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Masembe dhidi ya Sugar Corporation iliyoripotiwa mwaka 2002, ilieleza kwamba dereva anapaswa kutarajia kukuta vitu, watu au wanyama barabarani wakati wowote, na asiende kasi inayomzuia kusimama au kukwepa anapokiona kilicho mbele yake. Mahakama za Kenya zimeifuata kanuni hiyo mara nyingi. Kwa maneno mengine, nafasi kati yako na gari la mbele ni jukumu lako, na mvua huirefusha nafasi hiyo. Kwamba ungali chini ya kilomita 50 kwa saa, kikomo cha mijini, si kinga ikiwa lami imelowa na msongamano ni mkubwa.

Hata hivyo imani hiyo haitoshi kumaliza kesi. Lori lililoharibika usiku na kuachwa katikati ya barabara, bila taa wala pembetatu za kuonya, humbebesha mwenyewe sehemu ya lawama, hata kama ndilo lililogongwa kwa nyuma. Aliyechomekea mbele ya gari lingine kisha akafunga breki papo hapo hawezi kujificha nyuma ya msemo huo. Na magari yakiwa matatu au manne, msemo wenyewe unakwama, kwa sababu gari la katikati limegonga na limegongwa.

Kitendawili cha gari la katikati

Hapa ndipo kesi nyingi za magari yaliyofuatana husimama au kuanguka. Je, matatu iliigonga Probox kwanza, kisha lori likaja? Au matatu ilikuwa imeshasimama, lori likaisukuma hadi kwenye Probox? Jibu la kwanza linamtia dereva wa matatu hatiani pamoja na mwenzake wa lori. Jibu la pili linaweza kumtoa kabisa.

Shahidi bora wa jambo hili ni abiria, na swali la kumwuliza ni jepesi: ulisikia kishindo kimoja au viwili? Cha kwanza kilikurusha upande gani? Gari likigonga kitu kilicho mbele, walio ndani hurushwa mbele. Likigongwa kwa nyuma, kiti huwasukuma mgongo, na kichwa hubaki nyuma kabla ya kurudi mbele. Abiria anayesema, "Kwanza nilijigonga kwenye kiti cha mbele, halafu ndipo nikahisi tunasukumwa," ametoa ushahidi mzito bila kujua.

Vyuma navyo vina ushahidi wao. Gari linalofunga breki kwa nguvu huinamisha pua, kwa hiyo bampa lake hugonga chini kidogo kuliko kawaida yake, na mara nyingine hupenya chini ya bampa la gari la mbele. Gari lililosukumwa likiwa limesimama, breki hazijalivuta pua chini. Mkaguzi akipima urefu wa alama kutoka ardhini kwenye sehemu ya mbele ya matatu na ya nyuma ya Probox, anaweza kusema jambo la maana. Hata balbu ya kawaida ya taa ya breki huhifadhi habari: uzi wake ukiwa umewaka wakati wa kishindo huwa laini kwa joto na hujinyoosha, lakini ukiwa baridi hukatika bila kujinyoosha. Ndiyo maana balbu iliyotupwa na fundi siku ya pili yake inaweza kuwa shahidi aliyepotezwa.

Kuna tena mikwaruzo ya magurudumu kwenye lami, vipande vya vioo, na udongo unaodondoka chini ya gari penye kishindo. Hivi vyote humwonyesha askari mahali magari yalipogongana, tofauti na mahali yalipokuja kusimama. Mvua ya masika huvifuta kabla ya saa nne asubuhi.

Mafungu ya lawama

Zamani, chini ya sheria ya kawaida ya Uingereza, mdai aliyechangia ajali hata kidogo aliweza kutoka mahakamani mikono mitupu. Leo Sheria ya Marekebisho ya Sheria, sura ya 26 ya sheria za Kenya, inamruhusu hakimu kupunguza fidia kwa kadiri ya kosa la mdai mwenyewe, na kuwagawia wadaiwa mzigo kati yao.

Tuseme, kwa mfano wetu tu, hakimu amesikia mashahidi na kuona kwamba kulikuwa na vishindo viwili. Anaweza kumbebesha mwenye lori asilimia 50, matatu 30, tuktuk 20, na Probox sifuri. Abiria aliyevunjika mguu akipewa fidia ya shilingi 800,000, mzigo wa lori ni 400,000, wa matatu 240,000 na wa tuktuk 160,000. Dereva wa matatu naye akidai fidia ya majeraha yake, na yakathaminiwa kwa shilingi 500,000, atapoteza asilimia 30 iliyo yake, abaki na 350,000.

Abiria kwa kawaida hana lawama, kwa sababu hakushika usukani. Lakini mkanda unaweza kumgusa. Tangu Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni ambazo Wakenya wanaziita sheria za Michuki, matatu zinatakiwa ziwe na mikanda. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika Froom dhidi ya Butcher iliyoripotiwa mwaka 1976, ilipima jambo hili: fidia ikatwe robo pale ambapo mkanda ungezuia jeraha kabisa, na asilimia 15 pale ambapo ungelipunguza. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona mkanda wa matatu umefungwa fundo chini ya kiti.

Mgao ukishafanywa na mahakama ya kwanza, ni vigumu kuugeuza. Kesi ya Khambi dhidi ya Mahithi ya mwaka 1968 iliweka kanuni kwamba mahakama ya rufaa haiugusi isipokuwa pale ambapo hakimu amekosea waziwazi, kwani yeye ndiye aliyewaona mashahidi kwa macho. Usitegemee basi kwamba rufaa itakuja kuziba mapengo ya ushahidi.

Pasipo ushahidi, nusu kwa nusu

Mara nyingi kila upande huja na hadithi yake, na hakuna la kumwezesha hakimu kuchagua. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika Lakhamshi dhidi ya Mwanasheria Mkuu ya mwaka 1971, ilisema kwamba jaji hawezi kunawa mikono kwa sababu ushahidi unapingana. Ni lazima aamue, na isipowezekana kumtenga mmoja, wote wawili wabebe lawama sawa. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilirudia msimamo huo mwaka 2006 katika Hussein Omar Farah dhidi ya Lento Agencies. Uingereza walishafika huko mwaka 1953 katika kesi ya Baker dhidi ya Market Harborough, ambapo magari mawili yaligongana gizani katikati ya barabara, madereva wote wakafa, na hakubaki wa kusimulia.

Kwa mwenye kosa, kanuni hii ni nafuu. Kwa asiye na kosa ni hasara kubwa: amepoteza nusu ya haki yake kwa sababu hakuna aliyepiga picha wala kuandika nambari ya simu ya shahidi.

Polisi wanasema nini, na hawasemi nini

Watu wengi hudhani abstrakti ya polisi ndiyo hukumu. Sivyo. Ile karatasi inathibitisha kwamba ajali iliripotiwa, inataja magari, madereva, majeruhi na kampuni za bima, na wakati mwingine inaeleza nani analaumiwa au kwamba uchunguzi unaendelea. Hakimu hafungwi nayo. Kinachomsaidia ni askari aliyefika mwenyewe, akachora ramani na kupima. Bahati mbaya, miaka miwili baadaye huja mahakamani askari mwingine akiwa na jalada mkononi, ambaye hakuwahi kuiona ajali, na mara nyingine jalada lenyewe halina ramani.

Kesi ya trafiki ni tofauti na kesi ya fidia. Katika ile ya kwanza serikali inapaswa kuthibitisha kosa pasipo shaka. Katika ya pili inatosha mdai aonyeshe kwamba maelezo yake yanaelekea kuwa kweli zaidi. Kwa hiyo dereva aliyeachiliwa huru katika kesi ya trafiki bado anaweza kulipishwa. Na aliyetiwa hatiani? Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya mwisho ya hatia ni uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo. Hawezi kulikana tena. Lakini kesi ya Robinson dhidi ya Oluoch ya mwaka 1971 ilimwachia mlango: anaweza kudai kwamba na wengine walichangia. Mwenye lori akikiri kosa la kuendesha bila uangalifu ili alipe faini na kurudi kazini, bado matatu na tuktuk wanaweza kuitwa kubeba mafungu yao.

Waitwe wote

Abiria aliyeumia hulishtaki gari analolijua, mara nyingi ile matatu aliyopanda. Mwenye matatu anakuja na utetezi kwamba lori ndilo lenye makosa. Utetezi huo hautoshi. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010, Amri ya 1, zinamtaka aiombe mahakama idhini ya kumwingiza mwenye lori katika kesi kama mhusika wa tatu. Asipofanya hivyo, hakimu hawezi kumbebesha lawama mtu ambaye hakuitwa wala kusikilizwa, na mwenye matatu anaweza kujikuta anabeba mzigo wote. Kwa abiria, busara ni kuwashtaki wote wanaoshukiwa tangu mwanzo.

Abiria wakiwa wengi, si lazima kila mmoja athibitishe upya nani alikosea. Amri ya 38 inaruhusu kesi moja ichaguliwe kuwa ya mfano kuhusu lawama, na wengine wabaki na hesabu ya majeraha yao tu.

Wa kushtakiwa si dereva peke yake. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na kesi ya Karisa dhidi ya Solanki ya mwaka 1969 ilieleza kwamba gari likileta madhara kwa uzembe, hudhaniwa kuwa dereva alikuwa akimwendeshea mwenye gari. Kwa hiyo aliyeuza Probox yake na kuacha jina lake kwenye kumbukumbu za mamlaka ya usafiri, NTSA, anajitafutia barua ya wakili.

Bima nayo ina mipaka. Chini ya sheria ya bima ya magari, sura ya 405, bima ya lazima hulinda watu wengine hadi shilingi milioni tatu kwa kila mtu, na kampuni hailazimiki kulipa hukumu kama haikupewa notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baadaye. Tena kampuni zenyewe hufa: United iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na Invesco, iliyobeba matatu nyingi, ilifilisika mwaka 2024. Ndiyo sababu nyingine ya kuwaita wote. Mmoja akikosa uwezo, huenda mwingine aliyepatikana na fungu la lawama anao.

Breki zilikatika, barabara ilikuwa mbovu

Malori ya makontena yanayotoka bandarini kupitia Changamwe na Miritini yana utetezi mmoja unaorudiwa mno: breki zilikataa. Mahakama haziupokei kirahisi. Katika kesi ya basi lililopinduka, Embu Public Road Services dhidi ya Riimi, mwaka 1968 ilielezwa kwamba ajali yenyewe ikiashiria uzembe, ni juu ya mdaiwa kuonyesha chanzo kinachowezekana kisicho na uzembe ndani yake. Katika Henderson dhidi ya Jenkins, iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1970, bomba la breki la lori lilikuwa limeliwa na kutu. Mwenye lori hakuweza kueleza lilivyotumika na kutunzwa, akapatikana na lawama. Anayesema breki zilikatika alete vitabu vya gereji.

Jambo hili si dogo. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori moja lilipoteza mwelekeo likavamia matatu kadhaa na wachuuzi kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Katika msiba wa namna hiyo, anayechunguza lawama hana budi kupita usukani, aende hadi kwa mwenye lori, kwa aliyelipakia na kwa aliyelikagua.

Na barabara? Tarehe 10 Desemba 2016, huko Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali ya kuwaka liligonga magari mengine, moto ukalipuka na kuua watu wapatao 40. Matuta yaliyokuwa mahali hapo yalilaumiwa, yakaondolewa. Wakazi wa Kisauni waliopita kwenye michepuko ya upanuzi wa barabara kati ya Mombasa na Mtwapa wanajua tuta lisilo na alama lilivyo usiku. Mamlaka ya barabara au mkandarasi anaweza kudaiwa, lakini wakati ni mfupi: sheria ya barabara ya mwaka 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12.

Yaliyo mikononi mwako

Kwa madai ya kawaida ya uzembe una miaka mitatu tangu siku ya ajali. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini miaka mitatu haina maana kama siku ya kwanza ilipotea.

Simama, maana sheria inakulazimu kusimama na kutoa jina lako. Waokoe majeruhi kwanza. Kukiwa na majeruhi usiyasogeze magari kabla ya polisi kufika, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa watu. Piga picha magari yakiwa bado yalipo: kwa mbali ili barabara yote ionekane, kisha kwa karibu nambari za usajili, stika za bima, alama kwenye lami na urefu wa bampa. Chukua majina na simu za abiria wawili au watatu kabla hawajadandia matatu nyingine, na uwaulize habari ya kishindo. Ripoti polisi ndani ya saa 24, chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na uliyeumia ujaziwe na daktari fomu ya polisi ya P3. Gari lisitengenezwe kabla ya kukaguliwa.

Wakikuambia mmalizane hapohapo, kumbuka kwamba jeraha la shingo huanza kuuma kesho yake, na kwamba anayekubali kosa kwa mdomo anaweza kujiharibia na bima yake. Kama ni bati tu lililokunjwa na mmeelewana, andikeni, mtie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.

Usikubali kubebeshwa lawama yote kwa sababu gari lako ni kubwa, wala kusamehewa yote kwa sababu ni dogo. Dai fungu lako la haki, na uwe tayari kubeba fungu lako la kosa. Hakimu atakayeamua hakuwepo Magogoni asubuhi ile. Atajua yale tu ambayo wewe na wenzako mlihangaika kuyahifadhi.